Furu wa Mwanza na Ndoo ya Maji Mapya

Ndugu msomaji, ukifika Mwanza kwa mara ya kwanza, iwe kwa gari moshi, kwa basi au kwa ndege, macho yako yatatekwa na mawe kabla ya kutekwa na maji. Mawe yamesimama juu ya mawe, mengine makubwa kama nyumba ya vyumba vinne, na katikati yake watu wamejenga, wamelima na wameanika nguo. Wageni wote hupelekwa kulitazama Jiwe la Bismarck karibu na kivuko cha Kamanga, wakapiga picha zao, wakaridhika. Sisi leo twakuomba uende mbele kidogo. Fika mwaloni Kirumba asubuhi, uyapite marundo ya dagaa, uwapite sangara waliopasuliwa na kutiwa chumvi, wala usisimame kwa sato ambaye sifa zake zajulikana hadi Dar es Salaam. Tafuta beseni dogo la pembeni. Ukibahatika, humo utawakuta visamaki vya urefu wa kidole au kiganja, vyenye mapezi ya miiba, vikiuzwa kwa mafungu. Hao ndio furu.

Pengine utauliza, samaki wa fungu ana nini hata aandikwe gazetini? Jibu ni kwamba furu ni jina moja lililofunika ukoo mzima. Wataalamu hukadiria kuwa Ziwa Victoria lilikuwa na aina zipatazo 500 za furu, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wako wakwanguao mwani juu ya mawe, wako wavunjao konokono kwa meno ya kooni, wako wawindao samaki wenzao; tena wako wanaofanya kazi ya aibu kuliko zote, yaani kumvizia mama furu na kumpokonya watoto kutoka kinywani mwake. Ukoo huo nao umo ndani ya ukoo mkubwa zaidi, unaomjumuisha sato wetu pamoja na samaki mmoja wa Mto Amazoni huko Amerika ya Kusini, bapa na mviringo kama kisahani, aitwaye diskasi.

Diskasi ni kipenzi cha wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya, Asia na Marekani, na sifa yake kubwa baada ya uzuri wa rangi ni woga. Mfugaji akiingiza mkono ndani ya tangi kwa pupa, diskasi hufifia akawa mweusimweusi, hujirusha kwenye kioo, na akiwa na mayai aghalabu huyala. Kwa hiyo wafugaji hao wamejifunza kwa miaka mingi namna ya kusafisha tangi na kubadili maji bila ya kumtia hofu. Sisi wa mwambao wa ziwa hili tunaye ndugu yake, mwenye woga wa namna hiyo hiyo na sababu kubwa zaidi ya kutunzwa kwa upole, nasi twampita sokoni kama mboga tu.

Jambo moja lapaswa kujulikana na kila mwanafunzi wa Mkoa wa Mwanza. Katika mwaka 1985, mwaka ule ule Mwalimu Nyerere alipong'atuka Urais, wataalamu wawili wa Kiholanzi waliokuwa wamefanya kazi Mwanza walimwandika furu mmoja mwenye mgongo mwekundu na ubavu wa manjano wenye milia myeusi, wakamwita Haplochromis nyererei kwa heshima ya Mwalimu. Baadaye samaki huyo alihamishiwa katika jenasi iliyopewa jina la Kiswahili kabisa, na leo jina lake kamili ni Pundamilia nyererei. Ndugu yake wa karibu, mwenye rangi ya kibuluu, ni Pundamilia pundamilia. Samaki wa Mwalimu hufugwa katika matangi ya kioo ya watu ambao hawajapata kuiona Tanzania hata kwenye ramani, na ukimweka mbele ya mtoto wa Igoma au Nyakato atakuuliza amenunuliwa nchi gani.

Ukitaka kumwona furu nyumbani kwake, panda boti uende Kisiwa cha Saanane, mwendo wa dakika chache tu kutoka mjini. Kisiwa hicho kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na tangu mwaka 2013 ni Hifadhi ya Taifa. Juu ya mawe utamwona mjusi wa Mwanza akiota jua, kichwa na mabega mekundu, mwili wa buluu. Ni kana kwamba nchi kavu nayo imeamua kushindana na maji kwa rangi hizo mbili. Mwache mjusi. Keti juu ya jiwe penye maji maangavu, usitie miguu majini kwa sababu ya kichocho, wala usiache kivuli chako kianguke mbele yako. Ngoja. Mwanzoni hutaona kitu. Baada ya dakika kadhaa watajitokeza mmoja mmoja kutoka katika nyufa za mawe, hao ambao wavuvi huwaita mbipi, yaani furu wa mawe, na jina hilo limeingia hata katika vitabu vya elimu ya viumbe kama jina la jenasi, Mbipia. Sasa inua mkono wako mara moja, kama mtu anayemfukuza nzi. Wote wametoweka! Hesabu muda watakaochukua kutoka tena. Somo zima la kufuga samaki hawa limo ndani ya muda huo.

Ndiyo maana, kabla ya kufika kwenye ndoo na mipira, hatuna budi kueleza kwa nini mtu ajisumbue kumtuliza samaki mdogo hivi.

Uchunguzi wa nyavu za kukokota uliofanywa kati ya mwaka 1969 na 1971 ulionyesha kuwa furu walikuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa. Mwaka 1977 kikundi cha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kilianza kazi ya kuwatambua furu wa Ghuba ya Mwanza. Wakati huo sangara alikwisha kutiwa ziwani upande wa kaskazini tangu miaka ya 1950, akisafiri polepole kuelekea kusini. Katika miaka ya 1980 alifika kwa wingi katika ghuba hii, na ndani ya miaka michache wavu uliokuwa ukipanda na furu kwa maelfu ukawa unapanda na sangara, na furu wachache au hakuna. Aina zipatazo 200 zilitoweka au hazikuonekana tena. Hatuandiki haya ili kumtukana sangara. Minofu yake imejenga nyumba za matofali na kusomesha watoto, na mwenye kula matunda ya mti asijifanye hajui kivuli chake. Twasema tu kwamba gharama yake ililipwa na wengine, nao hawakuulizwa.

Baadhi ya furu walisafirishwa wakiwa hai, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa maji na hewa, kwenda Uholanzi, Uingereza na Marekani. Katika miaka ya 1990 majumba ya samaki na bustani za wanyama za Marekani, pamoja na jumba la makumbusho la Horniman la London, yaliingia katika juhudi za kuwazalisha ndani ya matangi ya kioo, kwa kuhofia kwamba ziwani hawatabaki. Hebu fikiri, ndugu msomaji. Ukoo uliochukua maelfu ya miaka kujitengeneza ziwani unabaki katika matangi machache ndani ya chumba, mbali na jua la Usukuma, na uhai wake unategemea mfanyakazi mmoja anayekuja kila juma na ndoo na mpira wa maji.

Mama furu hutaga mayai yake machache, aghalabu makumi tu, akayachukua yote kinywani. Huyatunza humo kwa majuma mawili hadi matatu, hali chakula, mpaka vifaranga viweze kuogelea. Akishtushwa sana katika muda huo, huyatema au huyameza. Basi mfanyakazi yule akiwa na haraka siku hiyo, kwa kuwa anataka kuwahi basi, kizazi kizima cha samaki ambaye pengine hana jamaa ziwani kinaweza kupotea kwa sababu ya mkono mmoja ulioingia majini ghafla. Sina shaka kwamba mikono ya namna hiyo ilikuwapo. Lakini ilikuwapo pia mikono mitulivu, na wako furu wanaoogelea leo kwa ajili yake.

Ukipenda kuweka tangi nyumbani kwako, na ni burudani njema kwa jamii nzima, kwanza waulize maofisa wa uvuvi, maana kukamata na kusafirisha samaki hai kuna sheria zake. Kwa furu wa mawe chagua tangi lisilopungua lita 200, lenye mchanga, kifuniko, na mawe yaliyopangwa yakawa na mapango mengi. Dume mmoja kwa majike kadhaa, kwani madume wawili katika nafasi ndogo hawaelewani kamwe. Mengine ya kununua na kupamba utaelekezwa na wauzaji, tena kwa furaha. Jambo ambalo wauzaji hulipita haraka ni maji.

Maji ya bomba ya Mwanza hutekwa ziwani humu humu, yakasafishwa na kutiwa klorini. Klorini hiyo inayotulinda sisi na kipindupindu huyaunguza matamvua ya samaki, na samaki aliyeunguzwa matamvua huhangaika, hupanda juu kutafuta hewa, hugonga mawe. Watu wengi hudhani ametishwa na mkono wao, kumbe ni maji. Kwa hiyo teka leo maji utakayoyatumia kesho. Yaache ndani ya ndoo zilizo wazi kwa siku nzima, usiku na mchana, ukiyakoroga mara kwa mara, klorini itapaa. Ndoo hizo ziwe ni za samaki peke yake, zisizojua sabuni, na watu wote wa nyumbani waambiwe hivyo, pamoja na mgeni aliyekuja kusalimia na kuazima ndoo. Tena ziwekwe chumba kile kile lilimo tangi, ili joto la maji lilingane. Usichote moja kwa moja kutoka kwenye simtanki jeusi lililo juani, kwa sababu adhuhuri maji yake yanaweza kuchemsha uji, nusura. Na asubuhi za mwezi wa Julai yatakuwa baridi kama ya mtoni. Furu amezoea maji ya ziwa yasiyobadilika sana mwaka mzima, kiasi cha nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Tofauti ya ghafla ya nyuzi chache kwake ni kama wewe kumwagiwa maji usingizini.

Sasa kiasi. Ondoa robo ya maji kila juma, isizidi theluthi. Kwa tangi la lita 200 robo ni lita 50, ndoo mbili na nusu za lita 20. Si kazi ya kumchosha mtu. Wako wafugaji wasiogusa tangi miezi miwili, kisha siku ya sikukuu huamua kulifua kama sufuria: huwatoa samaki kwa wavu, huwatia ndooni, humwaga maji yote, huyasugua mawe kwa brashi, halafu hurudisha maji mapya yanayong'aa. Kesho yake samaki wamekufa, nao husema furu ni samaki dhaifu. Sababu yake ni hii. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake, nayo ni sumu. Bakteria wema wanaoishi juu ya mawe, mchangani na ndani ya sponji ya kichujio huigeuza amonia hiyo, hatua kwa hatua, ikawa nitrati isiyo kali. Ukiyasugua mawe yote na kuifua sponji kwa maji ya bomba, umewaua watumishi wako mwenyewe. Zaidi ya hayo, maji yaliyozeeka huwa na uchachu fulani ambao huifanya amonia itulie bila ukali. Yakiingia maji mapya mengi kwa mara moja, uchachu hupungua na amonia huwa sumu kweli kweli. Tangi lililosahauliwa lirudishwe katika hali njema kidogo kidogo, kwa siku nyingi. Na sponji isuuzwe ndani ya ndoo ya yale maji ya zamani uliyoyatoa, kisha irudishwe ingali na weusi wake.

Twende kwenye kazi yenyewe. Chagua saa moja ya siku na usiibadilishe. Samaki hujifunza ratiba upesi kuliko sisi. Hakuna kope katika jicho la samaki, kwa hiyo ukiwasha taa kali ghafla chumbani mwenye giza, hana namna ya kujikinga. Fungua pazia kwanza, ngoja kama nusu saa, kisha uizime taa ya tangi ukafanye kazi kwa mwanga wa dirisha. Mfikie furu kutoka ubavuni, chini, taratibu. Huko ziwani, kinachomjia kutoka juu ni mnandi au mdiria, na kwake mkono wako haujawa mkono bado, ni mdomo wa ndege. Mkono ukiisha kuingia majini, uache umetulia kwa muda kabla ya kufanya lolote. Mfugaji mwenye subira huona majike yakija kuunusa.

Tumia mpira mwangavu wa unene wa kidole, ufunge mdomo wake wa ndani kwa kipande cha chandarua kisije kikavuta kifaranga. Ujaze mpira maji kwanza, uzibe kwa kidole, uuteremshe ndooni. Usivute kwa kinywa, si vema kiafya. Pitisha mdomo wa mpira juu ya mchanga ulio wazi, ufyonze kinyesi na mabaki ya chakula, wala usiyaondoe mawe. Mapango yale ni nyumba zao, na samaki asiye na mahali pa kujificha hujificha hata mahali pa hatari. Futa mwani kwenye kioo cha mbele tu. Vioo vya nyuma na vya pembeni viachie ukijani wao: furu watauchokonoa, tena utawapa kivuli.

Kurudisha maji ndipo wengi wanapoharibu. Ndoo ya lita 20 ikimwagwa kwa mkupuo hupiga kelele chini ya maji kama mwamba uliobomoka, na samaki ana mstari ubavuni mwake unaohisi kila mtikisiko. Weka kisahani juu ya jiwe, umimine hapo kopo kwa kopo, au uinue ndoo mezani na kuyashusha maji kwa mpira mwembamba. Zima redio. Watoto wasigonge kioo. Ukipenda, mpe mmoja wao kazi ya kuketi kwenye kigoda na kumtazama dume. Dume mwenye amani ana wekundu uliokoza. Akianza kuhofu hupauka palepale, na milia yake huchujuka. Mtoto akisema, "Amepauka," wewe simamisha kazi. Akisema, "Amerudi," endelea. Hakuna kipimo cha dukani kinachoshinda hicho, na mtoto wa miaka saba hukimudu vizuri kuliko baba yake.

Siku utakapomwona jike amevimba kidevu, hali chakula, amejitenga pembeni ya pango na kutafunatafuna bila ya kumeza, jua kwamba amebeba. Hapo punguza kila kitu. Badala ya ndoo mbili na nusu kwa juma, toa ndoo moja leo na nyingine baada ya siku tatu. Usifyonze mchanga karibu naye. Wavu uufungie kabatini. Ikiwa madume wanamwudhi na hapana budi kumhamisha, ngoja usiku, tumia mwanga hafifu, na umchukue ndani ya kopo pana pamoja na maji yake, bila ya kumtoa hewani hata nukta moja. Kwa aina nyingi mama huendelea kuwalinda vifaranga siku kadhaa baada ya kuwaachia. Hatari ikitokea, hukimbilia kinywani mwake wakapotea wote kama shanga zilizotiwa mfukoni. Ni jambo la kulitazama mtu akasahau chai yake ikapoa.

Baada ya kuyajua haya, rudi ufukweni ukalitazame ziwa kwa jicho jipya. Tangi lina mtu wa kulibadilishia maji. Ziwa je? Kila mfugaji wa samaki anajua tofauti kati ya kujaza na kubadili. Maji yakipungua kwa kupaa, ukaongeza tu mengine bila ya kutoa ya zamani, kipimo kitarudi pale pale lakini uchafu utabaki na kuongezeka, maana maji yanayopaa hayabebi kinyesi. Ziwa Victoria laishi kwa namna hiyo. Sehemu kubwa ya maji yake huletwa na mvua inayolinyeshea lenyewe, na sehemu kubwa ya yanayoondoka hurudi mawinguni kwa jua. Mlango wa mto wa kutoka ni mmoja tu, Jinja, nchini Uganda, mwanzo wa Mto Nile. Kwa ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, mlango huo ni mwembamba. Kinachoingia kutoka mashambani, migodini na mitaani hukaa.

Matokeo yake huonekana kwa macho. Safiri kutoka mdomo wa Ghuba ya Mwanza kwenda ndani. Huko nje, penye Kisiwa cha Makobe, maji ni maangavu. Kadiri uingiavyo ghubani kuelekea kusini, kule ambako Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita zipatazo tatu lilifunguliwa mwaka 2025, maji huwa mazito ya kijani na kahawia. Wataalamu waliowachunguza samaki wa Mwalimu katika visiwa hivyo waligundua jambo la kusikitisha, ambalo lilichapishwa mwaka 1997 na kuthibitishwa tena mwaka 2008. Huko Makobe mwekundu ni mwekundu na wa buluu ni wa buluu, kila mmoja na kina chake na wake zake. Kwenye maji yenye ukungu mpaka huo hufifia, na huko Luanso, ndani kabisa ya ghuba, hakuna tena aina mbili bali samaki wa rangi ya katikati.

Sababu ilitafutwa ndani ya matangi. Majike wa aina zote mbili waliwekwa mbele ya madume wawili, mwekundu na wa buluu. Chini ya mwanga mweupe kila jike alimchagua mume wa aina yake. Kisha taa ikabadilishwa, ukawekwa mwanga wa rangi moja usioruhusu nyekundu na buluu zitofautishwe; majike wakaacha kubagua. Hawakupoteza akili zao, walinyimwa nuru tu. Kwa hiyo si sangara peke yake aliyewapunguza furu. Wako waliopotea bila ya kuliwa, wakayeyukia ndani ya wengine kwa sababu maji yalichafuka, na tukio hilo halina hata damu ya kumshtua mpita njia.

Wako pia waliorudi. Haplochromis pyrrhocephalus, furu mdogo mla vijidudu vinavyoelea majini aliyekaribia kwisha katika Ghuba ya Mwanza, alianza kuonekana tena kwa wingi katika miaka ya 1990, na wataalamu walipompima waliona matamvua yake yamepanuka kuliko ya babu zake, kama aliyejifunza kupumua katika maji yenye hewa haba. Furu si mnyonge kama tunavyomdhania. Ana woga, lakini woga na unyonge ni vitu viwili.

Tumalizie na yale maji uliyoyatoa tangini. Usiyamwage mtaroni. Mitaro mingi ya katikati ya mji huishia Mto Mirongo, na Mirongo huishia ziwani. Yapeleke bustanini, ukayanyweshe mchicha na nyanya. Nitrati iliyomchosha samaki ni mbolea kwa mboga, na utaona tofauti ndani ya majuma mawili. Vifaranga vikizidi, usishawishike kuvirudisha ziwani kwa nia njema, kwa kuwa furu wa Makobe si wa Saanane, na ziwa hili limekwisha kupokea wageni wa kutosha. Mpe jirani mwenye tangi. Wabebe vifaranga jioni, ndani ya chombo chenye maji yao wenyewe, kilichofunikwa kitambaa, na mwendo uwe wa mtu aliyebeba maziwa.